Leseni ya Mama Pacha

Sehemu ya Saba

Mkono wa askari ulikuwa bado juu, na gari la Rudia lilikuwa bado linakwenda.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, mambo yalikuwa hivi. Rudia, mtahini wa madereva kwa miaka kumi na tisa, alikuwa ameshika usukani bila leseni. Mahakama ilimnyang'anya wiki tatu nyuma, kwa miezi kumi na miwili, kwa kosa la kuendesha gari akiwa amelewa. Nyumbani hakusema neno. Alimwambia mkewe, Mama Pacha, kwamba gari liko gereji, gia boksi imekufa. Ofisini walimwondoa kwenye mitihani wakamtupa stoo apange majalada. Nyumbani stoo hiyo aliiita "kikosi maalumu cha kumbukumbu".

Halafu hospitali ya rufaa ikapiga simu. Mama mkwe wake, aliyesubiri miezi minane kutolewa mtoto wa jicho, alikuwa amepata nafasi: Alhamisi, saa nne asubuhi, kilomita arobaini kutoka nyumbani. Akichelewa, anarudi mwisho wa foleni. Basi la kwanza lilipita limejaa hadi mlangoni. Na mkwe ni mkwe, hakataliwi. Gia boksi ikafufuka siku hiyohiyo.

Sasa daraja lilikuwa mbele, na kizuizi kilikuwa juu ya daraja.

"Baba Pacha, askari anakusimamisha," alisema Mama Pacha kutoka kiti cha mbele.

"Nimemwona."

"Mbona husimami?"

"Nasimama."

Alisimama. Alisahau kuwasha indiketa. Mwenyewe alishawarudisha watu nyumbani wakilia kwa kusahau indiketa.

Konstebo alikuja akiinama dirishani, uso mkali. Ghafla uso ukalainika.

"Kumbe ni mwalimu. Shikamoo, mzee. Hunikumbuki? Ulinirudisha mara tatu. Mara ya nne ndiyo ukanipa."

"Nakukumbuka," alisema Rudia, ambaye hakumkumbuka kabisa. Watu aliowaambia "rudia mwezi ujao" walikuwa wengi kuliko nywele zake. Ndiko jina lilikotoka.

"Siku zile nilikuchukia. Leo najua ulinifanya dereva. Pita, mzee. Mimi nikuombe wewe leseni? Itakuwa kama kumuuliza mkunga kama amewahi kuona mtoto."

Mama Pacha, mkunga wa zahanati kwa miaka kumi na mitano, alicheka. Rudia naye alicheka, ila kicheko chake kilitoka kikavu. Aliingiza gia ya kwanza. Tairi zilizunguka nusu mzunguko.

"Konstebo, huyo umempima?"

Sauti ilitoka kwenye kibanda cha mabati. Akafuata mwenye sauti, sajenti mwanamke, mwembamba, kipima ulevi mkononi. Rudia aliijua ile sauti kabla hajauona uso. Ndiyo iliyomwambia "shuka taratibu, mzee" ile alasiri ya sherehe ya kumuaga mwenzao aliyestaafu, pale Rudia alipoigonga na kuilaza chini alama ya "Simama" ya uwanja wake mwenyewe wa mtihani.

Sajenti alimtazama kwa muda.

"Za asubuhi, mtahini."

"Nzuri, sajenti."

"Puliza."

Rudia alipuliza. Kipima kililia kidogo, kikanyamaza.

"Sifuri," alisema konstebo kwa fahari, kana kwamba amepuliza yeye.

"Sifuri. Hongera. Sasa leseni."

Rudia alipapasa mfuko wa shati. Akapapasa wa suruali. Akafungua kisanduku cha mbele, akahamisha miwani ya jua kutoka kushoto kwenda kulia, akakifunga tena.

"Si huwa unaiweka kwenye pochi?" aliuliza mkewe.

"Leo nimebadili pochi."

"Pochi si hiyo umeishika."

"Mama, usimsumbue," alisema Sajenti. "Leseni yake iko mahakamani. Niliipeleka kwa mkono wangu."

Konstebo aliondoa mkono wake juu ya paa la gari, polepole, kama mtu aliyegundua kwamba bati lina moto.

Mama Pacha alimgeukia Sajenti, si mumewe.

"Mahakama gani?"

"Hajakwambia?"

"Mimi naambiwa habari za gia boksi."

Hapo Rudia alisema. Alisema haraka, macho yakiwa kwenye usukani, jinsi mtahiniwa anavyotaja alama za barabarani alizokariri. Sherehe, chupa, alama, kesi, miezi kumi na miwili.

"Na fundi?" aliuliza mkewe.

"Nilimwomba alifiche gari."

"Na kikosi maalumu?"

"Stoo."

"Na hayo mazoezi ya kutembea kila asubuhi, kwamba daktari wa kazini kawashauri?"

"Nilikuwa nakwenda kazini."

Kiti cha nyuma kilikohoa. Mama mkwe, aliyekaa wima na mkoba wake magotini tangu nyumbani, aliuliza swali moja.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu kasoro kumi, mama," alijibu konstebo.

"Basi mtagombana baadaye. Sajenti, mwanangu, macho yangu yana miadi saa nne."

"Nakuhurumia, mama. Lakini gari hili haliondoki na huyu mbele. Kuna mwingine humu mwenye leseni?"

Barabara ilikuwa nyeupe, tupu. Basi lingine lilikuwa la saa sita. Upande mmoja shamba, upande wa pili shamba, na watu wawili wakitembea kwenye ukingo wa mtaro kwa sababu waliojenga ile barabara hawakufikiri kwamba kuna mtu atapita bila gari.

"Mimi ninayo," alisema mama mkwe.

Alifungua mkoba, akatoa leseni iliyokunjwa ndani ya leso, akaipeleka mbele. Aliipeleka upande wa konstebo, ambaye hakuwa ameiomba. Sajenti aliichukua, akaisoma, akaigeuza nyuma.

"Hii ni ya malori."

"Miaka ishirini na mbili nimebeba maziwa ya kiwanda. Sijamwaga hata tone."

"Na haijaisha muda."

"Niliihuisha mwaka juzi."

"Mama, hapo ulipo, mimi unanionaje?"

Mama mkwe alielekeza uso wake pale sauti ilipotoka, akafikiri kwa uaminifu.

"Naona kitu cheupe kinachozungumza."

"Na walipokuhuishia leseni hawakukuuliza kama unaona?"

"Walinipiga picha. Waliniambia nitabasamu."

"Ofisi ipi hiyo?"

"Kwa mkwe wangu hapa."

Sajenti alimtazama Rudia. Rudia alitazama mto.

"Kwa hiyo," alisema Sajenti, "mwenye leseni haoni, na anayeona hana leseni. Miaka kumi na moja niko barabarani, hili sijakutana nalo."

Ndipo Mama Pacha aliposhusha pumzi ndefu.

"Ninayo na mimi."

Rudia alicheka. Hakukusudia, kilimtoka tu.

"Mama Pacha, mke wangu, huu si wakati wa mzaha."

Alikuwa na sababu ya kucheka. Alimtahini mwenyewe mara mbili. Mara ya kwanza alimwangusha kwa kuondoa gari kabla ya kutazama kioo. Mara ya pili gari lilirudi nyuma mlimani kiasi cha shubiri. Mji mzima ulimsifu. Yule mtu, walisema, hata mke wake anamrudisha. Zile sifa zilimkaa vizuri mwilini kama koti la kushonesha, na Mama Pacha aliendelea kwenda zahanati kwa miguu.

Sasa alitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kazi leseni mpya kabisa, plastiki bado inang'aa. Sajenti aliikagua kwa jua, akanakili namba kwenye daftari lake.

"Ya mwezi wa pili. Iko hai."

"Umeipata lini?" aliuliza Rudia. "Umejifunzia wapi?"

"Zahanati ina gari la wagonjwa, haina dereva. Mwaka jana mama mmoja alijifungulia kwenye toroli la mchanga, mimi nakimbia pembeni nimeshika dripu. Dereva wetu mstaafu akanifundisha miezi minne, kila saa ya chakula."

"Na hukuniambia."

"Na wewe uliniambia?"

Sajenti alinyoosha kiganja. "Kitambulisho chako cha uraia, mtahini. Nakiweka. Saa nane kamili mchana nakutaka kituoni, na kosa la kuendesha ukiwa umefungiwa linakungoja mezani. Nafasi hii nampa mgonjwa, wewe sikupi kitu."

Rudia alishuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa nyuma.

Hakuwahi kukaa kiti cha nyuma cha gari lake. Alitafuta kitasa cha kushushia kioo, akakuta kitundu.

"Hilo dirisha halifunguki," mama mkwe alimwambia. "Mwaka wa tano huu."

Mama Pacha alisogeza kiti mbele. Alifunga mkanda. Alitazama kioo cha kati, cha kulia, cha kushoto. Rudia alifungua mdomo aseme "kioo", akakuta vioo vyote vimeshatazamwa. Aliufunga.

Kilomita kumi za kwanza mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo. Mama mkwe aliusikia unagonga sakafu.

"Unafukuza panya huko chini?"

"Hapana, mama."

"Basi tulia, mtoto aendeshe."

Kutoka nyuma aliwaona waenda kwa miguu wakipita dirishani mmoja mmoja, nusu mwili barabarani, nusu mtaroni, mikono ikilinda macho dhidi ya vumbi la gari lake. Wiki tatu alikuwa mmoja wao. Alizijua sasa zile hatua za kurukia majani ukisikia honi nyuma yako. Miaka kumi na tisa alikuwa akiuliza watu swali la kumi na nne la mtihani, mtembea kwa miguu apite upande gani, na jibu sahihi lilikuwa njia ambayo haipo.

Mlima ulianza. Mbele yao lori lilikwama katikati ya mwinuko, moshi ukitoka. Mama Pacha alisimama nyuma yake, gari likiwa limeinua pua juu. Akavuta hendibreki.

Ninyi wasomaji ni watu wazima, niwaambie ukweli. Rudia aliomba gari lirudi nyuma. Shubiri moja tu. Hakutaka liumize mtu. Alitaka lirudi ili mambo ya miaka kumi na tisa yabaki mahali pake.

Lori lilisogea. Mama Pacha aliachia klachi hadi injini ikaguna, akashusha hendibreki, na gari likapanda mbele bila kurudi hata kidole. Rudia alitaka kufurahi. Furaha ilikuja, ila ilikuja kwa miguu, na wivu ulishafika kwa gari.

"Mkwe wangu," alisema mama mkwe kwa sauti ya chini, "siku ile ulikunywa kiasi gani?"

"Sikumbuki, mama."

"Basi hicho ndicho kiasi."

Waliendelea kidogo.

"Na pale kwenye alama palikuwa na watu?"

Hilo hakuwa amemwambia mtu, hata hakimu, kwa kuwa hakimu hakuuliza. Aliangalia kisogo cha mkewe, akajua kwamba mkewe anasikiliza.

"Palikuwa na benchi. Wanafunzi sita walikuwa wamekaa, wanasubiri kupangiwa siku ya mtihani. Kutoka kwenye alama hadi miguuni kwao ni hatua mbili."

Mama mkwe alipapasa kiti hadi akaupata mkono wa Rudia, akaupiga kofi moja, kali, kama anavyopigwa mtoto aliyecheza na moto. Halafu akauacha mkono wake juu yake mpaka hospitali.

Walifika saa nne kasoro dakika tano.

Upasuaji haukuchukua hata nusu saa. Kusubiri ndiko kulikuwa kurefu. Mume na mke walikaa kwenye benchi la bati, katikati yao mkoba wa mama.

"Ulilishika gari vizuri pale mlimani," alisema Rudia mwishowe.

"Najua."

"Mimi nisingelishika hivyo."

"Hilo pia najua."

Alitabasamu kidogo, na Rudia, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitembea kwenye mwiba, alijipa moyo. Akauliza swali ambalo mtu wa kazi yake lazima angeuliza.

"Alikutahini nani?"

Tabasamu lilikwisha. Mama Pacha alianza kukagua soli ya kiatu chake.

"Tutazungumza nyumbani."

"Ni jina tu nataka. Watahini wote wa kanda nawajua."

"Nimesema nyumbani, Baba Pacha."

Saa sita mama mkwe alitolewa akiwa ameshikwa mkono na muuguzi, jicho la kulia limefungwa bendeji, la kushoto bado na ukungu wake, likisubiri zamu nyingine. Daktari alisema kila kitu kimekwenda sawa na bendeji itafunguliwa kesho. Mama aliuliza kama kesho hiyo ataweza kusoma. Daktari alicheka, akasema kesho ataanza kwa kumsoma mkwe wake.

Saa nane kasoro dakika mbili Mama Pacha aliegesha mbele ya kituo, kwa kurudi nyuma, mara moja tu, katikati ya mistari. Waliingia wote watatu. Mama mkwe aliketishwa kwenye benchi la ukutani, na Rudia akasimama mbele ya meza.

Alikuwa amejiandaa. Njiani alipanga maneno: kosa nimelifanya, adhabu naipokea, naomba niangaliwe kama baba wa watoto wawili walioko shule ya bweni. Yalikuwa maneno mazuri. Hayakutumika.

Sajenti hakulifungua jalada lake. Alifungua lingine, jembamba, karatasi moja ndani.

"Dereva akinipita kizuizini kwa hali kama ile, namba yake lazima niihakikishe. Nilipiga simu ofisi ya leseni, wakaniletea nakala. Fomu ya mtihani ya mkeo. Imeandikwa amefaulu."

"Alhamdulillahi," alisema Rudia.

"Mtahini aliyesaini ni wewe."

Feni ya ukutani iligeuza uso huku, ikageuza kule.

"Mimi sijawahi kumfaulisha mke wangu," alisema Rudia, na hata mwenyewe aliisikia ile fahari ya zamani ikipanda sautini. "Muulize yeyote mjini."

"Hii saini ya nani?"

Karatasi iliwekwa mbele yake. Aliinama. Ile herufi kubwa ya mwanzo, ule mkia unaorudi chini ya jina na kujikata mara mbili. Ilikuwa saini yake, mkia na yote. Akaitazama tarehe.

"Siku hiyo ilikuwa Jumapili," alisema Sajenti. "Uwanja wa mtihani hufunguliwa Jumapili?"

"Hapana."

Kumbukumbu ilimjia vipande vipande. Fomu arobaini alizozibeba kutoka ofisini kwa sababu wiki ilimzidi. Meza ya sebuleni, mchana wa joto, chupa pembeni, glasi juu ya fomu zisipeperuke. Wino wa bluu. Alisaini, akanywa, akasaini. Hakukumbuka kusoma jina hata moja. Hakukumbuka mwisho wake.

Alimtazama mkewe. Mama Pacha alikuwa ameshika funguo za gari kwa mikono miwili, kifuani, na midomo yake imekuwa myeupe.

"Nisikilize vizuri," alisema Sajenti, na safari hii sauti yake haikuwa kavu kama ya asubuhi. "Ukisema ulimtahini, leseni ni yake, anarudi na mama yake nyumbani, na tunabaki na kosa lako. Ukisema hukumtahini, basi ameendesha hadi hospitali na kurudi kwa leseni ya udanganyifu, na mimi ndiye niliyempa ruhusa. Hapo wote wawili mnaingia ndani, na mimi naandika barua kwa mkuu wangu. Fikiri kabla hujajibu. Ulimtahini au hukumtahini?"

Miaka kumi na tisa Rudia hakuwahi kusema uongo juu ya mtihani. Gia boksi, fundi, stoo, hayo aliyapindisha apendavyo. Mtihani hapana. Ndicho kitu kimoja kilichobaki kwake ambacho hakimu hakukichukua.

Aliuona mlima. Aliiona hendibreki ikishuka na gari likipanda. Kama ile haikuwa kufaulu, basi yeye hajui kufaulu ni nini.

"Sajenti," alisema, "andika hivi."

"Asiandike kitu."

Waligeuka. Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani, bendeji nyeupe ikielekea kwenye meza.

"Mama, kaa," alinong'ona Mama Pacha. "Mama yangu, nakuomba, kaa."

"Nimekaa tangu asubuhi. Sajenti, Jumapili hiyo mimi nilikuwa sebuleni kwao, kwenye kiti cha dirishani. Wao walidhani nimesinzia."

Sajenti alichukua kalamu. "Uliona nini, mama?"

"Ningeona na nini? Nilisikia."

Funguo zilimponyoka Mama Pacha, zikaanguka sakafuni.

"Nilimsikia mkwe wangu akikoroma," alisema mama mkwe. "Alikoroma mchana kutwa. Na kalamu pale mezani ilikuwa inaendelea kuandika."